Aliyekuja Kuona Unga wa Mama

Ninachokuandikia hapa hakikunijia usingizini. Kilinijia mchana, baada ya alasiri, nikiwa nimekula ugali wangu kwa kisamvu nikashiba, sina homa, sijapigwa na jua, nimeketi kazini kwangu pale Nachingwea. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu. Ukiwaambia umeona kitu, swali lao la kwanza ni kama ulikuwa umelala, na la pili ni kama ulikuwa mgonjwa. Sikuwa nimelala wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nacheka. Na huko kucheka ndiko kunakonifanya mpaka leo nikikumbuka nishike kifua.

Mimi ni mtu wa steshenari. Natoa kopi, nachapa barua za watu, nawajazia wanafunzi maombi yao ya mtandaoni, nasikiliza habari za kila anayesubiri zamu yake. Shule niliishia kidato cha nne na matokeo yangu tuyaache yapumzike. Lakini kichwa changu tangu utoto kinapenda kwenda mbali, na wa kulaumiwa ni mmoja tu: Mjomba Athumani, kaka yake mama yangu, fundi redio wa Ruponda.

Nimepewa jina la mama yake, yaani bibi yangu, kwa hiyo tangu natambaa aliniita "mama". Hebu fikiria mtu mzima na ndevu zake, asubuhi anainama mbele ya mtoto mwenye kamasi anasema, "Mama, shikamoo," na mimi naitikia marahaba bila aibu. Bi Somoe, mke wake, alikuwa anasema sisi wawili hatuna akili sawasawa, na kila alipolisema alituongezea mboga.

Likizo zote nilizimalizia kwao Ruponda. Usiku tulilala chali uani juu ya jamvi, pembeni redio ya mtu ikiwa imefunguliwa matumbo yake, na Mjomba ananionyesha mbingu. Hakuwa anajua nyota nyingi, nisimsifu uongo. Alichokijua vizuri ni kitu kimoja. Upande wa kusini, nyakati za mvua, siku ambayo anga imejisafisha, kuna kiwingu cheupe kidogo kisichohama. Mawingu mengine yote yanapita na upepo, hicho hakipiti. Kama hujawahi kukiona, nenda mahali pasipo na taa za umeme ukakitafute, kipo. Huku kwetu wazee wakiwaombea waliotangulia humwaga unga chini ya mti, ukabaki umekaa kama kichuguu cheupe. Bibi yangu alimwambia Mjomba, enzi za udogo wake, kwamba kile kiwingu ni unga wa namna hiyo, na tangu hapo Mjomba akakiita Unga wa Mama.

Alikuwa ananishika mkono na kuuelekeza pembeni kabisa mwa kile kiwingu, pale weupe unapopungua na giza kuanza. Mama yake alizoea kuanzia hapo akimwonyesha. Kuna waliosema ule wa pembeni ni unga ulioponyoka tu mkononi, haukukusudiwa. Hilo lilimsumbua Mjomba maisha yake yote, niamini. Wengine husumbuliwa na mashamba na mipaka, yeye alisumbuliwa na hilo: ule wa pembeni uliwekwa, au uliponyoka? Nilimuuliza siku moja kama ni unga kweli.

"Sijui, mama," akasema. "Ningekuwa na mahali pa kuuliza, ningeuliza."

Kisha macho yake yakaanza kuingiwa na ukungu. Redio aliendelea kutengeneza kwa kupapasa, lakini kile kiwingu kilimpotea. Akawa ananiuliza mimi, "Kipo?" Namjibu kipo. Anaridhika, tunalala.

Mahali pa kuuliza nilipapata mimi, na nilipapata kwa bahati. Ilikuwa siku isiyo na wateja, bando linakaribia kuisha muda wake, nami nikawa nabonyeza picha moja ya nyota inanipeleka kwenye nyingine, mpaka nikatua kwenye ukurasa mkavu usio na urembo wowote: kisanduku cha kuandikia, kitufe cha kutafuta, basi. Ilinichukua muda kuelewa nimefika wapi. Lilikuwa ghala. Zile darubini kubwa zinazoelea huko juu, kila zinachopiga picha kinahifadhiwa humo, na mtu yeyote, hata wa Nachingwea, anaruhusiwa kupekua bila kulipa. Unaandika jina la kitu cha angani, au anwani yake kwa tarakimu, unasema utafute kwa upana gani kuzunguka hapo, unabonyeza. Inakuletea safu kwa safu: nani alipiga, lini, kwa muda gani, na kipicha kidogo pembeni. Mara ya kwanza niliandika NACHINGWEA. Ikanijibu haipajui. Nikaandika RUANGWA, nako haikujui. Nikacheka peke yangu.

Siku ya mnada Mjomba alipokuja mjini nikamkalisha mbele ya kompyuta yangu ya kubeba, nikaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Kwa karibu namna hiyo alikuwa bado anaona. Nikamwambia, Mjomba, hapa ndipo pa kuuliza. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, nikamgeukia nione kama analia. Halafu akasema tuanze kazi.

Ndiyo ikawa desturi yetu. Kila siku ya mnada, jioni wateja wakipungua, tunafunga mlango nusu tunapekua. Mjomba hakujua Kiingereza wala hakukitaka. Kwake yeye kutafuta ni kutafuta stesheni. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinazungusha kitufe cha hewani juu ya meza yangu, na maneno yake yalikuwa ya kifundi: "Rudisha kidogo, mama. Hapo inakoroma." Inakoroma maana yake safu ni nyingi mno, upana nilioandika ni mkubwa. Napunguza, natafuta tena. "Sasa imetulia." Kile kiwingu, kumbe, kimepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi, lakini karibu zote ni za katikati kulikonona. Pembeni, pale alipopaonyesha mama yake, hapakuwa na kitu. Tulisogeza tarakimu wiki kwa wiki, mikono ikikutana juu ya meza, chai ikipoa.

Mpaka siku moja ikatokea safu moja. Moja tu, mahali penyewe. Ila kipicha hakikuwepo. Palikuwa na alama ya kufuli.

Nikasoma kwa taabu, nikisaidiwa na simu kutafsiri. Wale waliopiga picha hupewa muda waifaidi wenyewe kwanza, kisha kufuli linatoka na dunia nzima inaona. Tarehe ya kutoka iliandikwa, na ilikuwa mbali. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye wala. Akasema mbona hata korosho ni hivyo hivyo, mwenye shamba aokote zake kwanza, watoto wa jirani waruhusiwe baadaye kuokota zilizobaki, kuna ubaya gani?

Akainuka, akavaa koti lake. Hilo koti nalo nilitaje: zito, rangi ya udongo, alilivaa hata jua linapochoma bati. Alipofika mlangoni akageuka.

"Lakini mama, usije ukafungua peke yako."

"Tutafungua pamoja, Mjomba."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi.

Sasa wewe unayenisoma umeshajua kilichotokea. Kifua kilimkamata msimu wa korosho ulipokuwa unaisha. Nilikwenda Ruponda kumwuguza. Kila nikiingia chumbani aliuliza jambo moja, tena kwa sauti ya mtu anayeulizia basi: limetoka? Namwambia bado. Anasema basi bado. Akafa likiwa bado.

Huku kwetu msiba bila watani haujakamilika, na mtani wetu mkubwa ni Chilumba, mtu wa Likunja, kule upande wa Ruangwa. Chilumba ana mdomo ambao hata kaburini haufungi. Siku ya mazishi alishuka ndani ya kaburi akagoma kutoka, anasema chumba amekipenda, mpaka akatolewa kwa kulipwa jogoo. Tulipogeuka akawa ameshavaa koti la Mjomba na kofia yake ameishusha mpaka machoni, anatembea kwa mwendo wa Mjomba, ule wa kuburuta kisigino, anakohoa kikohozi chake, anawagombeza waombolezaji kwa nini wamemwekea redio juani. Watu walilia huku wanacheka. Mimi nililia tu, na katika kilio changu nilitaja kufuli, kufuli, mpaka wengine wakadhani nimevunjiwa duka. Chilumba akanijia na lile koti, bado yumo ndani ya mchezo. Akaniambia, "Mama, nyamaza. Kabla ya arobaini nitakuja kwenye hako kaduka kako. Niwekee soda." Akaondoka na koti kwenda nalo Likunja, kama ilivyo kawaida, tulikomboe siku ya arobaini.

Nakuomba ushike vizuri hilo la koti na hilo la ahadi ya Chilumba, usije ukaniuliza baadaye, "Na wewe hukuogopa?" Ningeogopa nini? Nilikuwa namngoja mtani.

Alhamisi moja, arobaini ikiwa Jumapili inayofuata, mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Umeme ukakatika, kama unavyokatika mvua ikipiga chafya tu. Dukani palikuwa na giza la jioni kabla ya jioni. Nje barazani alikuwepo Mama Zaituni, fundi cherehani, amevuta mashine yake ndani kidogo asilowe. Mimi nina kompyuta yangu yenye chaji, intaneti naivuta kutoka kwenye simu. Nikafungua ghala. Nikaandika zile tarakimu, nilizijua kwa moyo, nikabonyeza.

Safu ilikuwepo. Kufuli halikuwepo.

Unajua kuna furaha inayouma? Tarehe ilikuwa imefika na mwenyewe hayupo. Nikaweka kidole kwenye kitufe nikakiondoa. Nikakiweka tena. Niliapa sitafungua peke yangu, na mtu niliyemwapia yuko chini ya udongo wa Ruponda. Nifunguaje? Na nisipofungua, ina maana gani miaka yote ile ya kunyoosha mkono? Machozi yakawa yanataka kuja.

Ndipo nikasikia kisigino kinaburutwa barazani, halafu kikohozi, halafu hodi. Nikainua macho. Mlangoni limesimama lile koti, lile lile, limelowa, na kofia imeshushwa, na skafu imezungushwa mdomoni kama mtu anayeogopa baridi.

"Limetoka?" akauliza.

Moyo ulinipiga mara moja, kisha ukacheka. Chilumba! Katika hali ile niliyokuwa nayo, nilimpenda yule mtani kuliko ndugu. Amekuja kweli, na mvua yote hii, kutoka Likunja. Na kuhusu kufuli, nani asiyelijua, baada ya kilio changu cha msibani?

"Karibu, marehemu," nikamwambia. "Mbona umechelewa? Huko kwenu hakuna bodaboda?"

"Zipo," akasema. "Lakini njia ina tope."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia soda ipo ila haina baridi, na marehemu hachagui. Akasema siku hizi hasikii kiu. Nikacheka tena. Jamani, nilimjibu kila neno! Nilimwambia maiti wenzake wamekaa nyumbani wametulia, yeye bado anazurura mjini. Nilimwambia koti linanuka, akaombe sabuni huko huko. Ndivyo tunavyowatendea watani, na mtani akishaingia ndani ya mtu humkodolei macho usoni, ukimkodolea mchezo unaharibika. Kwa hiyo sikumtazama usoni. Nilimsogezea kigoda cha wateja nyuma ya bega langu la kulia, mahali ambapo Mjomba alizoea kukaa, nikageukia kioo.

Nilijiambia hivi: niliapa kwamba sitafungua peke yangu, basi siko peke yangu. Mtani ndiye aliyeachiwa nafasi ya marehemu, kazi yake ni hiyo. Nitaangalia naye, na kiapo kitakuwa kimetimia kwa njia ya kwetu. Nikaona ni jambo zuri kabisa.

Nikabonyeza.

Intaneti ya siku ya mvua unaijua. Picha ilianza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mkeka unaokunjuliwa na mtu mvivu. Mwanzoni ni weusi tu. Nikashikwa na papara, nikataka kufunga nijaribu upya kwa upana mwingine, na hapo nikaona juu ya meza, pembeni ya mkono wangu, vidole viwili vinazungusha kitufe cha hewani, taratibu.

"Rudisha kidogo, mama," akasema. "Inakoroma."

Nikarudisha. Nilikumbuka baadaye, usiku wa ile arobaini, kwamba jambo lile halikuwa na shahidi. Tulikuwa wawili tu, siku zote, mlango umefungwa nusu. Lakini wakati ule mkono wangu ulitii kwa mazoea, kama unavyokwepa jiwe njiani bila kulifikiria.

Picha ikashuka mpaka mwisho. Nikueleze ilivyokuwa? Si zile za rangi rangi wanazotumiana watu kwenye simu. Ilikuwa nyeupe na nyeusi. Upande mmoja nyota zimesongamana hadi huwezi kupitisha sindano, kisha zinapungua, zinapungua, na upande wa pili, pale penyewe, zimebaki moja moja, kila moja kali na safi, na giza katikati yake kubwa. Nilifikiri nitaona vumbi. Hapakuwa na vumbi. Kila kilichoonekana pale kilikuwa kitu kamili.

Mvua ilikuwa inapiga bati na cherehani ya Mama Zaituni inakimbia na kusimama, inakimbia na kusimama. Nikahisi anainama karibu zaidi. Harufu ya risasi ya kulehemu ikanijia, ile ya redio zake, nikasema moyoni hili koti halifuliki. Kidole kikapita mbele ya uso wangu mpaka karibu na kioo, hakikukigusa, kikasimama pembeni, pale weupe unapoanza.

"Mama alikuwa anaanzia hapa," akasema.

Nilisahau mchezo. Nakuambia ukweli, nilisahau kabisa kwamba huyu ni Chilumba. Nikasema kwa sauti ndogo, "Umeona, Mjomba?"

"Nimeona, mama." Kidole kikasogea kidogo. "Haukuponyoka. Tazama. Chembe kwa chembe, kila moja imewekwa."

Nililia, nikafuta kwa upande wa kanga, nikaendelea kutazama. Tulikaa hivyo sijui kwa muda gani. Mwisho nikasikia kigoda kinasukumwa nyuma.

"Basi," akasema. "Zima, usimalize chaji."

Nikainama kuihifadhi picha kwanza, isije ikapotea. Nilipogeuka alikuwa ameshafika barazani, mgongo kwangu, anainua kola ya koti, na nikamsikia anamuaga Mama Zaituni kwa heshima. Akashuka kwenye mvua akashika njia ya Ruponda. Mtu wa kwenda Ruangwa hapiti njia ile. Nikasema huyu Chilumba ana kipaji, anaucheza mchezo mpaka mwisho wa barabara. Nikapiga makofi, niamini, peke yangu mlangoni, nikampigia makofi.

Mama Zaituni akaniuliza yule mzee ni nani, ana adabu kweli. Nikamwambia ni mtani. Akasema watani wa siku hizi wamestaarabika.

Jumapili nilikwenda Ruponda mapema na ile picha nimeichapa kwenye karatasi nzuri, nimpe Bi Somoe. Kisomo kikasomwa, pilau likaliwa. Jua lilipopinda pikipiki ikaingia uani na Chilumba nyuma yake, anapiga kelele kabla haijasimama kwamba amesikia harufu ya pilau tangu Likunja. Watu wakaanza kucheka. Nikatoka kumpokea, nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni.

Mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya plasta nyeupe, tangu kwenye vidole mpaka juu ya goti. Mwanawe aliyekuwa anaendesha akashuka, akambeba mgongoni kama gunia la ufuta, akamtua kwenye kiti.

Nikadhani ameumia jana. Nikamtania kwamba Alhamisi alitembea vizuri kwenye tope, leo ndiyo anajidai mgonjwa apate paja la kuku.

"Alhamisi ipi, mtani?" akasema. "Mimi Alhamisi nilikuwa namwomba nesi aniletee chombo cha kukojolea."

Watu wakaangua kicheko. Mwanawe akaeleza: wiki ile ile ya mazishi baba yake alipanda kuziba bati linalovuja, akaanguka. Amelazwa Ruangwa muda wote huu, ametoka juzi, yaani Ijumaa. Nikauliza koti. Chilumba akanyoosha mkono, mwanawe akampa mfuko wa nailoni. Koti lilikuwa humo, limekunjwa vile vile lilivyokunjwa msibani, kavu, limeanza kushika harufu ya sanduku. Halikuwa limeona tone la mvua. Mwanawe alisema lilikaa ndani ya sanduku na ufunguo anao yeye, kwa sababu baba yake angelivaa hata hospitali.

Nilikaa chini pale pale mavumbini. Nikawasimulia, kama ninavyokusimulia wewe, ila kwa kigugumizi. Na nilipofika kwenye vidole viwili vinavyozunguka juu ya meza, nikamwona Chilumba anabadilika. Yule mtu aliyegoma kutoka kaburini, anayewataka wafiwa wamkatie posho ya kulia, aliacha utani. Kofia aliivua. Sijawahi kumwona bila kofia, ana upara mdogo kama wa mtoto.

"Huyo hakuwa mimi," akasema.

"Najua, mtani."

"Aliona alichokifuata?"

"Aliona."

"Basi mshukuru Mungu," akasema, na siku ile hakudai jogoo wala nini. Koti alilirudisha bure.

Aliyefuata kusema alikuwa Bi Somoe. Alisimama na mwiko wake mlangoni mwa jiko akauliza kwa uchungu hasa: yaani huyu mwanaume ameniachia redio za watu hazijatengenezwa, kila siku wananigongea, anapata ruhusa ya kuja duniani anakwenda kutazama picha Nachingwea? Hata kupita nyumbani kusalimia? Halafu akakaa karibu nami, akaichukua ile karatasi, akaitazama kwa mbali na kwa karibu, akalia kilio ambacho nadhani msibani alikuwa amekiwekea akiba. Shehe aliyesoma kisomo aliniambia nisilitangaze jambo hili, niswali na nimwombee. Kumwombea namwombea. Kutangaza, ndio kama hivi.

Sasa utaniuliza imeniachia nini. Imeniachia tabia mbaya moja. Kila mtu anayeingia dukani namtazama usoni kwanza, kabla ya salamu, namkodolea, mpaka wateja wageni wanalalamika kwamba yule dada wa kopi hana haya. Sijali. Niliwahi kukaa na mtu niliyempenda kwa muda wote ule, bega kwa bega, nikatazama kioo badala ya kumtazama yeye. Msibani watani wakianza kuigiza siku hizi naondoka, nakwenda kukaa na wanaopika. Ghala bado nalipekua, jioni nyingi, na bado najisikia tajiri nikiwa humo. Nikikuta safu yenye kufuli naipita. Kuna kijana mmoja mwalimu aliyeanza kuja kutazama pamoja nami, mtu mzuri, akaniambia ile tuisubiri tuifungue pamoja. Nilimkatalia pale pale, akashangaa nimekuwa mkali.

Na wewe nakuonya hivyo hivyo. Usimpe mtu ahadi ya kitu ambacho tarehe yake ya kufunguka iko mikononi mwa wengine. Kilicho wazi leo waonyeshe leo wale unaowapenda, hata kama kinakoroma, hata kama bando linaisha. Na ikitokea umekosea kama mimi, ukaahidi, akatangulia, kisha siku moja ya mvua akaja na kusimama mlangoni, usipige kelele na usikimbilie kuuliza yeye ni nani. Mpe kigoda. Mwonyeshe kwanza alichokuja kukiona. Woga utapata muda wake akishaondoka, na mimi nakuhakikishia, utakuwa mwingi wa kukutosha.